Ratiba ya Alal

Alal alikuwa mama asiyejua kutulia. Hata akiandika ratiba ya walinzi, pale ofisini kwetu Wandegeya, goti lilikuwa likimcheza chini ya meza. Ndiye aliyeanzisha kwaya ya kampuni mwaka 1991, baada ya mwenzetu mmoja kuzikwa bila hata wimbo mmoja. Jambo lile lilimchoma.

Kwaya ya walinzi ni kazi ya kichaa, maana huyu akiingia zamu, yule anatoka. Alal akapanga zamu kwa kufuata sauti za waimbaji. Sisi wa besi tulilinda pamoja, wa soprano vivyo hivyo, na Jumamosi alasiri waimbaji wote tulikuwa huru kwa mazoezi, yeye akituongoza kwa mikono. Tukaitwa misibani na harusini, tukavimba vichwa.

Siku za mwizi arobaini. Jumamosi moja mlinzi wa ghala la Kawempe aliugua, na wa kumshikia nafasi wote walikuwa mazoezini. Afande Tarcisio, mwanajeshi mstaafu mwenye kampuni, akapita akakuta lango halina mtu. Alal alinyang'anywa ratiba, akapewa rungu, akapelekwa kulinda lango lile lile. Wanawake wakawekwa mchana, wanaume usiku, kwaya ikakatika vipande viwili. Kila jioni wakati wa kupokezana zamu alituuliza kama tunafanya mazoezi, nasi tukamdanganya. Alikonda tukimwona.

Mwezi wa tatu, mama yake Afande akafariki. Angeagwa Jumamosi hapa mjini, kisha asafirishwe Gulu. Afande akaenda mwenyewe Kawempe, kofia mkononi, na daftari la ratiba.

“Mama Alal, nipangie watu. Nataka wote waimbe.”

“Na lango hii, afande?”

Afande akamwachia daftari, akaondoka.

Ratiba ilipobandikwa, waimbaji wote tulikuwa huru isipokuwa mmoja. Lango la Kawempe, mchana: Alal. Nilikasirika, nikamfuata, nikamwambia nitakaa mimi.

“Besi ikipungua, wimbo inaanguka,” akasema. “Mimi nilishawafundisha. Nendeni.”

Tuliimba vizuri kuliko siku zote, na Afande alilia mbele za watu. Mimi sikufurahi hata kidogo.

Yaliyotokea Kawempe tuliyasikia baadaye kwa dereva wa lori la saruji. Saa nane kamili, saa tuliyoanza kuimba, alimkuta mlinzi wa kike akizungukazunguka langoni peke yake, mikono yote miwili ikipanda na kushuka hewani. Alidhani anasimamishwa, akasimama.