Ukoka wa Ukingoni

Fundi cherehani alikuwa na ulimi mkali, na mwaka ule aliunoa kwa dada yake mkubwa.

Dada mtu, baada ya kustaafu ukarani, alizuka na mambo mapya. Kila asubuhi aliwapanga majirani peku peku kwenye ukingo ulio juu ya duka la fundi, wakainua mikono polepole, wakavuta pumzi, wakaishusha. Alisema mwili ukitulia, mtu huanza kuihurumia ardhi. Na kweli walianza vizuri. Waliokota taka zote, wakapanda ukoka ukingo mzima, maana bila majani ya kuushika, udongo ungeporomoka siku yoyote ya mvua kubwa na kulifukia duka.

Kisha, watu wazima na akili zao, wakafanyia mazoezi juu ya ukoka uleule. Haukuwa hata umeshika mizizi. Walisimama macho wameyafumba, wakiushukuru huku wakiusaga kwa visigino. Wakimaliza, dada mtu aliingia dukani, akamiminiwa chai, akaulizwa hali, akaaga.

Akishatoka, ndipo fundi alipopata raha yake.

"Wanaipenda dunia mpaka wanaiua," alimwambia kila mteja aliyekuja kupimwa. "Na dada yangu ndiye kinara wao. Anapunga mikono kama anafukuza nzi aliyeshiba."

Wateja walicheka, naye akanogewa, akawaigizia hata namna dada yake anavyovuta tumbo ndani. Ukingo ukawa kipara.

Mvua haikubisha hodi. Udongo ulishuka wote kwa pamoja, ukaingia mlangoni, ukafunika kanyagio la cherehani, ukazilalia sare za shule alizokuwa ametoka kuzimaliza.

Dada mtu alikuja mbio, gauni amelikunja kiunoni. Fundi alikuwa akimsubiri kwa hamu.

"Haya, vuta pumzi sasa," alimwambia. "Isikilize ardhi. Leo imekufuata yenyewe."

Dada mtu aliinama, akachota tope kwa mikono, akalitupa nje, akainama tena. Alifikia shati dogo la sare, akalikung'uta, akaona halifai tena. Machozi yalikuwa yakimtoka, wala hakuyafuta.

"Kumbe ule ukoka tuliuua sisi?"

"Nani mwingine? Tangu wiki ya kwanza mnaukanyaga. Mtaa mzima unajua. Muulize mteja wangu yeyote."

Dada mtu aliliweka shati chini.

"Mimi nilikuwa nakunywa chai hapa kila siku, mdogo wangu. Mbona mimi hukuniambia?"

Fundi alitafuta jibu la kejeli, akalikosa, na la aina nyingine hakuwa nalo.