Gramu Sitini za Salvator

Salvator alikuwa fundi wa suti kule Biryogo, na hakuna kipimo alichokiamini ila alichokipima mwenyewe. Umwambie kiuno chako ni themanini na nne, atatoa futi yake shingoni, akuzungushe, akuambie ni themanini na saba. Kwa hiyo Winifred, mshauri wa lishe wa kituo cha afya, alipomwambia sukari yake imeanza kupanda na kumwandikia karatasi ya chakula, Salvator hakuhuzunika sana. Karatasi ilijaa namba, na namba alizijua.

Binti yake Natacha, anayefanya kazi hotelini Kiyovu, akamletea mizani ndogo ya jikoni. Jioni hiyohiyo mkewe, Épiphanie, alipakua kama alivyopakua tangu walipooana kule Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Salvator akaweka sahani tupu juu ya mizani, akairudisha sifuri, akachota wali kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kikazidisha. Akarudisha punje chache kwa ncha za vidole.

"Baba Natacha, unakula au unalisha kuku?"

"Gramu sitini. Ndivyo ilivyoandikwa."

Wiki ya kwanza alijisifu. Ya pili alinyamaza. Ya tatu hakuwa mtu wa kusemeshwa: alimfokea mteja aliyeingia dukani na sambusa, na koti la bwana harusi akalishonea mkono wa kushoto upande wa kulia. Suruali zake mwenyewe alikuwa amezipunguza mara mbili. Siku moja Épiphanie alimkuta jikoni akinusa sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Mama huyo alicheka, lakini moyoni aliumia. Miaka thelathini anapika, leo mume anamrudishia wali kwa punje. Asubuhi akajifunga kitenge chake kizuri, akachukua ile karatasi.

"Twende kwa huyo mtu wako. Aniambie mwenyewe chakula changu kina kosa gani."

Winifred alikulia Uganda, na Kiswahili chake kilikwenda kwa kuchechemea. Alimpandisha Salvator kwenye mizani ya watu, akaangalia mara mbili.

"Mzee! Kilo sita, wiki tatu? Unakula nini?"

"Ulichoandika, daktari."

"Wali unapima lini? Mbele ya kupika ama nyuma?"

"Kwenye sahani. Ukishaiva."

Winifred akajishika mdomo. Karatasi aliiandika kwa Kinyarwanda: *umuceri, gr 60*. Na kwa Kinyarwanda, umuceri ni umuceri, uwe ndani ya gunia dukani au uwe unatoa mvuke mezani.

"Nilitaka mkavu, mzee! Ukiiva unakunywa maji, unakuwa karibu mara tatu. Umekula theluthi tu."

Épiphanie akamgeukia mumewe polepole.

"Wewe, mtoto wa Buyenzi! Kuna mchele, kuna wali. Hukujiuliza ni upi?"

"Karatasi haikuwa ya Kiswahili," akajitetea Salvator. Kisha akakumbuka jambo. "Na nyama je? Gramu mia?"

"Mbichi. Nyama motoni inapungua. Mia inatoka kama sabini."

Salvator akatazama dari. Yeye alikuwa akipima mia za nyama iliyoiva, kila siku, bila kukosa.

"Basi hapo nimejifidia kidogo," akasema, na wote watatu wakacheka hadi mlinzi akachungulia mlangoni.

Jioni ile mizani ilihamia mikononi mwa Épiphanie. Alipima mchele mkavu wa watu wawili, gramu mia na ishirini, akapika. Ulipoiva akaupima wote, ukawa mia tatu arobaini na nne, akaugawa katikati. Sahani ya Salvator ikaonekana mbele yake kama mlima.

Hakushika kijiko mara moja.

"Mama Natacha, mkono wako haukuwa na kosa lolote. Wiki tatu hizi nimelala nikiuota."

"Ungesema."

"Niliona haya. Nilikuwa nimeshajisifu."

Épiphanie akamsogezea mboga za dodo, yaani mchicha. "Kula, wali unapoa."

Miezi miwili baadaye sukari ilikuwa imeshuka vizuri, na kilo tatu zilikuwa zimerudi. Winifred siku hizi humwuliza kila mgonjwa anapimaje kabla hajaondoka. Salvator naye alilifumua lile koti, akalishona upya bila malipo, na bwana harusi akaoa mikono ikiwa mahali pake.