Agata Sunim, Mama wa Waliofiwa

Alizaliwa mwaka 1838 katika kitongoji cha wafinyanzi, milimani mwa Chungcheong, nchini Korea, akiwa mtoto pekee wa mjane Maria Pyo. Wakristo wa siku zile waliishi kwa kujificha, kwa kuwa dini yao ilipigwa marufuku, na padri alipita kwa nadra. Imani yote aliyokuwa nayo Sunim, aliyebatizwa Agata, aliipata kwa mama yake, aliyemfundisha sala huku mikono yao ikiwa kwenye udongo.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa alishuka sokoni kuuza mitungi. Aliporudi, kipindupindu kilikuwa kimemchukua mama, na majirani walikuwa wameshamzika kwa haraka. Hakumwosha, hakumvika, hakumuaga. Hilo lilimchoma kuliko kifo chenyewe. Wenzake walipokusanyika kusali, yeye alinyamaza. Jirani yake, mzee Teresa, alimwambia kwamba mama yuko kwa Mungu.

"Basi Mungu anaye," Sunim akajibu. "Mimi sina."

Mwaka uliofuata ugonjwa ulirudi. Katika kijiji cha bondeni, ambako hapakuwa na Mkristo, mwanamke mmoja alifariki, na binti yake Kannan akajifungia na maiti. Ndugu walisimama mbali, wakiogopa kuambukizwa. Sunim, aliyekuwa akipita na mitungi yake, alisikia kilio, akasukuma mlango, akaketi kando ya yule binti.

"Wangu pia alikufa," akasema. "Nina hasira mpaka leo."

"Na nani?"

"Na Mungu. Hata simsemeshi."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Sunim akakunja mikono ya nguo yake. Akaomba maji. Walimwosha marehemu pamoja, na alipokuwa akimfuta vidole, Sunim alijikuta akinong'ona Salamu Maria. Alipofika panapotajwa saa ya kufa kwetu, akalia, kwa mara ya kwanza tangu afiwe. Kannan ndiye aliyemshika.

Tangu hapo alijua kazi yake. Hakuolewa. Aliosha maiti walioogopwa, akakaa na waliofiwa mpaka waweze kula tena, Wakristo kwa wasio Wakristo. Bong Taegil, mkuu wa kijiji cha bondeni, alimwita mchawi wa maiti, akamvunjia mitungi na kumfukuza.

Mwaka 1886 kipindupindu kikamuua mama yake Bong, na ukoo wake ukakimbia. Bong akapanda mlima mwenyewe.

"Najua sistahili kukuomba," akasema.

"Maji umeshachemsha?" Sunim akauliza, huku akifunga kitambaa kichwani.

Alimwosha mama yule taratibu, akimwelekeza Bong namna ya kumshika kichwa. Siku chache baadaye Sunim naye akaugua. Mzee Teresa alikuwa ameshatangulia. Aliyemuuguza alikuwa Kannan, ambaye sasa alikuwa amebatizwa kwa jina la Monika. "Nikifa usinizuilie machozi," Sunim alimwambia, "ila usilie peke yako." Akafa akisali.

Waamini hukumbuka kwamba wagonjwa wawili waliomwomba awaombee, mara baada ya kifo chake, walipona. Lakini ajabu inayosimuliwa zaidi ni ya mazishi yake. Hakuwa ameacha mtoto. Hata hivyo watu walitoka mabonde yote wamevaa katani ghafi, vazi la anayemzika mzazi wake, na mbele yao alitembea Bong Taegil. Sisi tunaomheshimu tumwige hivi: kwenye nyumba yenye msiba tuingie, tuketi, tuulize maji yako wapi.