Karata Zilikuwa Zinatosha

Nakumbuka foleni moja ya mahindi pale Kitale, mwanangu, na tangu uniambie kwamba umerudi kucheza poka baada ya kuiacha kwa muda, foleni ile hainitoki kichwani. Wewe wacheza kwenye simu huko Kibabii chuoni, na watu usiowajua hata sura. Sisi tulichezea juu ya gunia lililokunjwa, tunatazamana macho. Lakini tamaa ni ile ile, kwa hivyo weka simu chini kidogo unisikilize.

Wakati huo nilikuwa mwanamke kijana mwenye mdomo. Nyumbani kwetu ni hapa hapa Bungoma, ila mimi na babu yako tulikodi shamba kule Kwanza, nje ya Kitale, na mwaka ule mahindi yalikubali. Tukapakia mavuno yote kwenye trela ya trekta, nikayapeleka mwenyewe kwenye ghala la nafaka mjini. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamelala chini ya trela zao tangu juzi. Ilipofika Ijumaa mchana karani wa lango akatoka, akatembea akihesabu, akagonga trela iliyokuwa mbele yangu kwa kiganja. Huyu ndiye wa mwisho leo, akasema. Wengine Jumatatu.

Nikageuka nikatazama Mlima Elgon. Haukuonekana. Wingu lilikuwa limeufunika wote, na lilikuwa linakuja upande wetu. Trela yangu ilikuwa wazi, na pale ghalani mahindi yaliyolowa hayakupokelewa hata ungelia. Mle ndani mlikuwa na kodi ya shamba na karo ya mama yako.

Sasa sikia desturi ya foleni ile. Nafasi haikuuzwa, maana kuuziana kulileta ngumi, na karani akisikia ngumi alifukuza wote. Nafasi ilichezewa karata. Aliyeshinda anasogea mbele, aliyeshindwa ananyamaza, na karani anajifanya hakuona.

Aliyekuwa mbele yangu alikuwa Wekesa, mkulima wa Kwanza, mtu mpole, mwenye mawazo mengi. Tulisali naye kanisa moja kule. Kwa sababu hiyo alicheka nilipomwambia nataka kuchezea nafasi yake.

"Mama, si wewe uliokoka ukaacha karata?" akaniuliza. "Ati leo umerudi?"

Ni kweli nilikuwa nimeacha. Kabla ya kuokoka nilikuwa moto, mwanangu, muulize babu yako. Lakini miaka mitatu sikuwa nimegusa karata hata moja. Nikamwambia Wekesa naweka mtamba wangu aliye nyumbani, ng'ombe ambaye yeye mwenyewe alimjua, na nikaona macho yake yanabadilika. Akakubali. Mzee Balbir, Kalasinga mwenye malori aliyeheshimiwa na foleni nzima, akaketi kati yetu agawe. Tukapewa maharagwe ya kuwekea dau, sawa kwa sawa. Atakayeishiwa kwanza ndiye aliyeshindwa.

Nisikufiche, mwanzo nilicheza vibaya. Vidole vilikuwa vizito, nikawa nasahau nani ametangulia. Ndipo nikakumbuka la zamani: aliyetoka safari hakimbilii jikoni, huketi kwanza akaona nyumba ikoje. Nikatulia. Karata mbaya nikazitupa mapema, bila aibu. Nikipata nzuri naweka maharagwe, na zikifunuliwa Wekesa anaziona kwamba kweli ni nzuri. Mara ya kwanza hivyo, mara ya pili hivyo. Maharagwe yangu yalipungua polepole, lakini kitu kingine kilikuwa kinaongezeka: Wekesa alianza kuniamini. Uongo wa karata, mwanangu, huanza kabla ya karata yenyewe kufika.

Upepo ukaanza kupeperusha makapi barabarani. Wenye turubai wakawa wanazifunga. Mzee Balbir akagawa tena, nikafungua zangu: kingi mmoja na takataka tupu. Wekesa akarudisha karata moja akapewa nyingine, na kwa jinsi alivyotulia nilijua amepata kitu. Zamu yangu ya kubadilisha ilipofika nikasema nimeridhika na nilizo nazo. Sikubadilisha hata moja. Kisha nikasukuma maharagwe yangu yote katikati, kwa mwendo ule ule niliotumia nilipokuwa na karata nzuri.

Wekesa akazitazama karata zake. Akanitazama mimi. Akatazama wingu. Kukataa dau langu hakungemmaliza mara moja, lakini rundo lililokuwa katikati lilikuwa kubwa, na angebaki na maharagwe ya kuhesabika. Niliona kidole gumba chake kinaanza kuzikunja karata azitupe. Alikuwa amefika, mwanangu. Nilihitaji tu kunyamaza.

Sikunyamaza. Hofu ilinifungua mdomo.

"Ndugu Wekesa," nikamwambia, "unajua mimi nimeokoka, sisemi uongo. Mungu ananiona. Usijiumize."

Akazitupa. Alikuwa na jozi mbili nzuri kabisa, akazifunua mwenyewe akitikisa kichwa. Baada ya hapo mchezo ulimtoka, na maharagwe yake yakaisha mvua ikiwa bado upande wa pili wa mji. Trekta yangu ikasogea mbele ya yake. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na Mzee Balbir aliyajua hayo maneno vizuri kuliko wengi wetu tuliozaliwa nayo. Alikusanya karata, akaja hadi kwenye gurudumu la trela yangu na kuniambia kwa sauti ya chini:

"Kijana alikuwa anatupa. Karata zilikuwa zinatosha. Kwa nini uliongeza Mungu?"

Nikamjibu kwamba mchezo ni mchezo. Akasema hapana, mchezo ni yale mliyokubaliana kudanganyana, na Wekesa hakukubali kudanganywa kwa hilo. Akaenda zake. Nami nikaingia langoni, mahindi yangu yakapokelewa yakiwa makavu, na nilipotoka mvua ilikuwa inamwagika juu ya mahindi ya Wekesa.

Yalirudishwa Jumatatu. Aliyaanika kando ya barabara, mengi yakapata ukungu, na muhula uliofuata binti yake alikaa nyumbani kwa kukosa karo. Nililijua hilo na nikanyamaza. Kisha Jumapili moja kule Kwanza, Wekesa akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Akasema amejifunza unyenyekevu, kwamba kuna dada alimwonya kwa jina la Bwana asijiumize, naye nusura akatae kumsikia. Akanishukuru mbele ya watu. Wakanipigia makofi. Sijawahi kuona haya namna ile.

Nilimngoja nje, nikamweleza yote: kingi mmoja na takataka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alitazama viatu vyake, kisha akasema:

"Mahindi nitalima mengine, mama. Lakini sasa nikikusikia ukiomba, nitakuwa najiuliza umeshika karata gani."

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukirudi mezani baada ya kukaa, usirudi na sifa za zamani. Tazama kwanza, tupa zilizo mbaya, na ukitaka kutisha kwa karata tupu, acha mchezo wako usimulie kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, kisha unyamaze. Hapo sikukatazi. Walioketi nawe wamekubali. Lakini usiweke mezani kitu ambacho si cha meza: jina la Mungu, urafiki, neno lako la kawaida la mchana. Vitu hivyo ukivitumia kushinda mara moja, havirudi tena kama vilivyokuwa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nimejikwaa vyote viwili, na dole lilipona.

Mola akutulize moyo wakati karata zimekupendelea, na wakati zimekunyima. Akupe ujasiri wa kutupa kilicho kibaya mapema. Nenda ukacheze, mwanangu, ukashinde ukijaliwa, na uliowashinda waendelee kukuamini ukiwaambia habari za asubuhi.