Msimulizi Asiyesema Uongo

Nafundisha fasihi katika shule moja ya sekondari Changamwe, pale ambapo malori yakipita mwalimu hunyamaza mpaka yaishe. Muhula uliopita tulisoma hadithi ya kutisha, ya zamani, iliyotafsiriwa. Kijana anaishi na shangazi yake mzee katika jumba bovu, anamfungia katika chumba cha juu mpaka anakufa, kisha anatusimulia mwenyewe kwa nini ilibidi. Kila baada ya kurasa mbili anaapa kwamba hasemi uongo. Nilikuwa nimejiandaa na mbwembwe zangu zote: takriri ya kiapo, kinaya, taharuki, na hasa msimulizi asiyeaminika.

Nikauliza, "Nani mwenye kosa?"

"Shangazi!" Karibu darasa zima.

"Alikuwa mchawi, mwalimu," akaeleza msichana wa mbele, mwanafunzi wangu bora. "Ana macho mekundu. Halafu huyu kijana alikuwepo, aliona mwenyewe."

Kinyaa kilinipanda. Watoto wa kanisani hawa, Biblia ziko mikobani, wanamhukumu mwanamke kwa macho yake bila hata kukunja uso. Niliwafokea. Nikawaagiza wapekue hadithi upya, wanitolee uongo wa yule kijana mmoja mmoja.

Kesho yake msichana yule alileta daftari tupu. "Nimesoma mara mbili, mwalimu. Hakuna uongo hata mmoja. Ila kuna mambo hayasemi. Hasemi kama huko juu shangazi alipelekewa chakula."

Nikampa alama zote. Kisha nikatoka nje, nyuma ya darasa, nikatema mate.

Kwangu, mtaa wa Shika Adabu, naishi na nyanya yangu, na macho yake ni mekundu. Yameharibiwa na moshi wa makumbi ya nazi aliyopikia tangu ujana. Kila mwezi namkorogea piko, nampaka nywele ziwe nyeusi, kwa sababu kijijini kwetu mvi na macho kama yale vimewatia wazee wengi kaburini. Harufu ya piko hunikaa viganjani siku mbili. Siku hizi naichukia.

Miaka mitatu iliyopita, mtoto wa binamu yangu alifariki kule kijijini. Baada ya matanga kikaitishwa kikao, nyanya hakuitwa. Ami yangu mkubwa akanisimamisha. "Wewe ni mwalimu, na ulilala hapa mtoto akiumwa. Sema ulichoona."

Nikasema nilimwona nyanya alfajiri akiizunguka nyumba aliyolala mtoto, akinong'ona. Basi, nikaketi.

Ilikuwa kweli. Sikusema kwamba mkononi alikuwa na bakuli la mahindi, anamwita kuku wake taratibu asije akamwamsha mgonjwa, ili amchinje kuku huyo, ampikie mtoto mchuzi. Nilikuwa nimeziona nyuso za watu pale. Niliogopa wangesema nami kanirithisha uchawi. Niliogopa, hakuna neno jingine.

Siku ya pili vijana walikwenda na mapanga. Nyanya aliponea shambani, amelala kifudifudi kati ya mihogo. Nilipomfuata kumleta huku, aliniuliza njiani nilisema nini kikaoni. Nikamwambia, "Niliwaeleza ulikuwa ukimtafuta kuku."

Siku ile ya daftari tupu nilijiapia kwamba Jumamosi nitamwambia yote. Jumamosi ikafika. Asubuhi nikampaka piko, nikamsuuza, nikamkausha kwa taulo, maneno yakiwa tayari mdomoni. Kabla sijayatoa, kina mama wa jumuiya ya kanisa wakabisha hodi. Walikuja kusali kwetu. Nikawatolea viti.

Baada ya sala nyanya akaanza hadithi yake, ile anayomsimulia kila mgeni. "Ukoo mzima ulininyamazia, mama zangu. Watoto niliowazaa mwenyewe! Ni huyu mume wangu peke yake," akanipiga paja, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "aliyesimama mbele yao akawaambia habari ya kuku."

Wakanipigia makofi. Mmoja akasema laiti wanawe wangekuwa na moyo kama wangu.

Nyanya akanigeukia na yale macho yake. "Si kweli, mume wangu?"

"Ni kweli, nyanya," nikasema, nikaenda nyuma kunawa piko mikononi.