Sugu za Magotini

Kabla sijapata kazi ya usafi kwenye maabara ya wanyama, nilikuwa mfanyakazi wa ndani Al Wukair, ng'ambo katika nchi ya Waarabu. Mama mwenye nyumba hakutaka kuona dekio; marumaru yake yalisuguliwa kwa kitambaa, nami nimepiga magoti. Magoti yakaota sugu, nyeusi, kavu kama gamba. Hata nilipokwenda likizo Tanga sikumwacha mama yangu azione.

Pale maabara, daktari mmoja wa Kisudani alikata ngozi ya ngamia vipande vyembamba, akavitia rangi na kuvibandika kwenye vioo ili wanafunzi wavitazame kwa hadubini. Kope, tumbo, nundu, kifua. Nikiosha vyombo, nilimsikia akieleza. Ngozi ya tumbo ni nyembamba. Ya kifuani, pale ngamia anapoegemea akilala, haina unywele hata mmoja. Tabaka lake la juu ni seli zilizokufa zikalaliana, nene ajabu.

Siku moja sinki liliziba, maji yakafurika. Nikakunja suruali hadi juu ya magoti, nikainama kuyakausha. Msichana mmoja kati ya wanafunzi akamnong'oneza mwenzake kwa Kiarabu, "Tazama magoti. Tungemkata kipande na huyu, tukakilinganisha na cha kifua."

Wakacheka, mikono midomoni. Walidhani sijui lugha. Kiarabu nilikijua, nilifundishwa kwa kufokewa.

Daktari naye alisikia. "Hamwoni haya?" akawakemea. "Hayo ni magoti ya mtu aliyefanya kazi!"

Alikusudia kunitetea, lakini sasa darasa zima liligeuka kuyatazama. Nilishusha suruali, ikalowa, nikaendelea kufuta maji huku uso ukiniwaka.

Kesho yake, nikipangusa meza, nilikikuta kioo cha kifua bado chini ya hadubini. Nikachungulia. Juu palikuwa na utepe mpana wa waridi, na chini yake zambarau imepanda na kushuka kama vilima. Kilikuwa kizuri. Sijui kwa nini, uzuri ule ulinikera.

Yule msichana akaingia, peke yake. "Khala," akaniita, kama amwitaye mama yake mdogo, akisema polepole kama anayeongea na asiyejua lugha, "jana nilisema neno baya. Nisamehe."

"Sikusikia kitu, binti yangu," nikamjibu, kwa Kiarabu.

Hapo ndipo alipojua kwamba nilisikia kila neno. Macho yakamlengalenga machozi. Mimi niliyainamisha yangu kwenye meza, nikaendelea kupangusa mahali palipokwisha kutakata, mpaka akatoka.

Tangu siku hiyo nilisubiri wanafunzi waondoke ndipo niingie na ndoo yangu.