Mgomba Utakaa Hapo Hapo

Katika siku zangu zote za ujana, ninayoikumbuka bila kujitahidi ni ile niliyotema maji mbele ya baba yangu, ndugu zake wakiwa wameketi wanatazama. Mwanangu, usikunje uso kwanza. Kwetu milimani, juu kidogo ya Wundanyi, kutema maji si matusi. Mzazi akiwa na kinyongo na mwanawe, huchukua funda moja, hulipuliza nje, akasema kwamba hasira iliyokuwa moyoni imetoka, mtoto aende salama. Sisi tunaita kutasa. Wazee wa zamani walitumia pombe ya miwa. Baba yangu, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa, alitumia maji ya mtungi. Na mtoto aliyenyimwa hayo, watu husema, hafiki popote: atafeli, ataugua, au atarudi nyumbani na aibu. Niliyaamini hayo kwa moyo wangu wote. Nayaamini hata leo, na digrii yangu ipo ukutani.

Chanzo cha yote kilikuwa Voi. Nilikuwa nasoma sekondari ya bweni huko, na Jumamosi tukipewa ruhusa tulikimbilia duka la Bi Zuhura, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka Pwani wakaifuata reli. Aliuza mahamri na vitambaa, na kwenye kona alikuwa ameweka televisheni ndogo na mashine ya gemu aliyoletewa na kakake kutoka Mombasa. Wenzangu waligombania kucheza. Mimi nilisimama nyuma yao nikitazama miti iliyokuwa kwenye kioo. Ilikuwa miti ya miraba midogo midogo, mmoja kijani, mwingine kijani kilichokolea, na ukisogea nyuma kidogo unaona msitu mzima. Bi Zuhura akaniuliza mbona sichezi. Nikamwambia nataka kujua ni nani aliyechora.

"Usione vyaelea, mwanangu, vimeundwa," akasema. "Na huyo aloviunda ana mikono miwili kama hiyo yako."

Maneno hayo aliyasema huku akifunga mahamri ndani ya gazeti, na sidhani kama aliyakumbuka kesho yake. Mimi yaliniganda.

Nikaingia chuo kikuu Nairobi kusoma sanaa. Baba hakukataa, maana alidhani nitarudi kuwa mwalimu, na mwalimu, hata wa kuchora, ana mshahara na heshima yake. Mwaka wa pili nikasema wazi kwamba nataka kusomea uchoraji wa gemu za video. Kozi yenyewe haikuwepo. Mhadhiri wangu alicheka, kisha akaona mimi sicheki. Akaniambia kama ni lazima, basi nichore ngome za mawe na milima ya theluji kama wanavyochora wenye michezo yao, ili kazi ifanane na kitu. Nikamjibu kwamba theluji mimi naijua ya Kilimanjaro peke yake, tena ya kutazama kwa mbali nikiwa Taveta, na kwamba nitachora mlima wetu. Migomba yake, mifereji yake ya maji, mkonge kule chini tambarare, na ndovu wanaovamia mahindi ya watu. Mchezaji atakuwa msichana mwenye debe na mwiko, analigonga awafukuze. Akasema hakuna mtu duniani atakayecheza kitu hicho. Nikasema nitacheza mimi.

Mwaka huo chuo kilifungwa kwa sababu ya mgomo, nikarudi mlimani nikakuta habari zimenitangulia. Baba alikuwa karani katika ofisi moja hapo Wundanyi, na wenzake walikuwa wameshaanza kumtania, wakimwuliza binti yake atahitimu lini kucheza. Kicheko chao kilimuuma kuliko alivyotaka kukubali. Akaita kikao cha ukoo. Shauri lenyewe lilikuwa limekwisha kukatwa: nibadilishe kozi niende ualimu, na siku hiyo hiyo atanipulizia maji nirudi Nairobi na baraka. Nikikataa, nirudi hivyo hivyo, mkavu.

Usidhani nilikuwa shujaa. Asubuhi ya kikao nilikuwa jikoni nalia, na nilikuwa nimeamua kukubali. Nyanya yangu, mamake baba, alikuwa anamenya ndizi mbichi. Akaniuliza nitajibu nini. Nikamwambia nitasema ndiyo, yaishe. Akaweka kisu chini.

"Utasema ndiyo na moyo unafoka hivyo?" akasema kwa Kidawida, lugha yetu, mimi nakugeuzia tu. "Hasira ya baba yako unaiogopa. Na hiyo yako utaiweka wapi? Uwe mwalimu mwenye kinyongo maisha yako yote, uwachape watoto wa watu kwa kosa la baba yako?"

Nikamjibu kwamba hasira ya mtoto haihesabiwi. Akasema huo ndio ujinga wa watu wetu, tunafikiri hasira ni mali ya wenye mvi. Akiwa mtoto kwao, akaongeza, aliozwa, wazee wakapuliza maji kila upande, na hakuna aliyemwuliza yeye ana nini moyoni. Kisha akachukua kisu chake akarudi kwenye ndizi. Machozi yalinikauka yenyewe.

Kikao kikaanza. Baba aliketi kwenye kiti chake, bilauri ya maji ikiwa juu ya kigoda mbele yake. Baba mkubwa akanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwingine akasema mambo ya kucheza ni ya watoto wa matajiri. Walizungumza kwa zamu, wakanizunguka kwa methali kama ng'ombe anayeingizwa zizini. Mwishowe Baba akaniuliza jibu langu. Nikainuka, nikaichukua bilauri yake, nikapiga funda, nikaenda mlangoni nikalipuliza nje.

"Baba," nikasema, "nilikuwa nimekukasirikia sana. Hasira yangu hiyo nimeitoa, sina neno na wewe. Lakini gemu nitachora."

Mmoja wao aliita jina la Yesu. Fikiria mwenyewe: kijana, tena msichana, anafanya kazi ya wazee kwa bilauri ya baba yake, na baba mwenyewe hajapuliza. Baba hakunipiga wala hakufoka. Alisimama, akapita pembeni yangu bila kunigusa, akashuka shambani kwake. Kikao kikaishia hapo.

Nikarudi Nairobi mkavu. Niliogopa, sitakudanganya. Nikipata homa nilijiambia ndiyo hiyo imeanza. Basi likipata pancha Mtito Andei, nilijua sababu. Lakini kitu kimoja kilinishangaza: moyo wangu ulikuwa mwepesi. Kila nilipokaa kuchora sikuwa nabishana na mtu kichwani, mkono ukawa wangu wote. Nilichora kwenye karatasi za miraba, zile za hesabu, napaka rangi mraba mmoja mmoja kwa penseli. Kompyuta za idara zilikuwa chache na foleni ndefu, kwa hiyo niliingia wenzangu walipokwenda kula. Kijana mmoja wa masomo ya kompyuta ndiye aliyeufanya mlima wangu utembee na ndovu wangu wageuze masikio. Mhadhiri alinipa alama za kunitoa mlangoni tu, akaandika kwamba kazi haina soko. Nikahitimu. Guu langu halikuvunjika, na akina baba mkubwa nilitembea mbele yao makusudi.

Siku niliyofika nyumbani nilitandaza karatasi zile sebuleni, nikaziunganisha kutoka kilele cha mlima hadi reli ya Voi, zikajaa sakafu yote. Baba, ambaye tangu kikao tulikuwa tunapeana salamu tu, akaingia. Akavua viatu. Akatembea kandokando ya mlima wake, mikono nyuma, polepole, akasimama, akainama.

"Huu mgomba hauko hapa," akasema. "Shambani uko chini ya mfereji."

"Najua, Baba. Lakini huko chini ndiko ndovu anapita. Kwa mchezo utakaa hapo hapo."

"Huo mgomba nimeupanda mimi."

"Na mimi nimeuchora."

Mama alikuwa mlangoni, akafumba macho. Niliuona uso wa baba yangu unataka kukasirika na unashindwa. Akatazama tena zile karatasi, akamtafuta yule msichana mwenye debe, akamtazama muda mrefu. Kisha akamwomba Mama maji. Akapiga funda, akaenda mlangoni, akalipuliza nje, pale pale nilipopuliza mimi.

"Hasira yangu nimeitoa," akasema. "Nenda ukachore. Lakini mgomba umekosea."

Mpaka anazikwa hakuwahi kusema kwamba nilikuwa na haki, na mimi sikumwuliza. Mgomba sikuuhamisha. Nimeishi kwa kuchora michezo, miaka mingine kwa shida na mingine kwa raha, na katika kila mchezo nimeupanda mgomba ule mahali fulani, juu ya mfereji.

Sasa ni zamu yako, mwanangu, wewe unayetaka kusomea jambo ambalo kwenu hakuna aliyelisikia. Watakucheka. Waache wacheke, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Usingoje funda la mtu ndipo uanze kazi. Unaweza kuzeeka umekaa karibu na bilauri. Wala usiondoke kwenu umebeba kinyongo ukadhani ndiyo nguvu. Hasira ni hasara, itakula mkono unaochorea. Ukaidi ni kitu kingine kabisa. Hasira iteme, tena uwe wa kwanza kuitema hata kama wewe ndiwe mdogo. Ukaidi baki nao. Na atakayekuambia uchore milima ya wengine kwa kuwa wa kwenu hauna soko, mwulize yeye amewahi kupanda mlima upi.

Nami nimepiga funda hapa nilipo. Kama nilikuwa na neno juu yenu vijana, na nilikuwa nayo mengi, yametoka, yamekwenda na maji. Enda salama. Mkono wako usitetemeke, macho yako yasichoke, anayekupenda achelewe lakini afike. Na mgomba wako, mwanangu, pale ulipouweka, asitokee wa kuung'oa.